Mnunuzi Aliyeletwa na Shija

Wanaonijua hapa Ngokolo hucheka nikianza kusimulia haya. Wacheke tu. Sikuwa nimekunywa, sikuwa na homa, na jua lilikuwa halijazama. Niliyoyaona niliyaona kwa macho haya haya ninayokutazama nayo.

Miaka ya sabini nilikuwa mpima pamba kwenye kiwanda cha kuchambulia, kijana mwenye maringo yake, maana nilikuwa na pikipiki iliyowageuza watu shingo Shinyanga nzima. Niliinunua chakavu. Aliyeifufua pamoja nami ni Shija, fundi na rafiki yangu, mtu niliyekula naye sahani moja miaka minne. Tuliinamisha usukani kama wa mashindano, tukakata bomba la moshi ili ingurume, tukafupisha springi za nyuma ikae chini. Kasoro ilikuwa moja: ukimpakia mtu, hata mtoto wa shule, madigadi inagusa tairi na kulia kwii, kwii, njia nzima. Wenzangu walinitania kwamba pikipiki yangu ina wivu.

Kisha nikaiona Mwanza, dukani, pikipiki mpya kabisa, nyekundu. Nikachanganyikiwa. Njia ya kuipata ilikuwa kuuza ya zamani, basi. Nilipomwambia Shija, akasema mnunuzi anaye. Shija alikuwa na duara, yaani shimo la dhahabu, kwao Kharumwa, na mnunuzi alikuwa mchimbaji wake. Jamaa angelipa kwa dhahabu, Shija angeiuza, mimi ningepata changu. Nikasema basi tukaandikishane kwa balozi wa nyumba kumi wa huko Kharumwa, kama ilivyo kawaida. Shija akacheka, akaniuliza kama nataka kumpelekea balozi dhahabu ya magendo. Nikaona ana akili kunizidi.

Tulifika Kharumwa jioni. Mnunuzi alikuwa amesimama peke yake kando ya njia, mrefu, miguu peku, sikio moja limekatika, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Nikamsalimu kwa kwetu, "Mwadila." Hakuitika. Wewe umewahi kumsalimu Msukuma asiitike? Shija akadakia kwamba jamaa ana haya, nimpakie tu aionje pikipiki, yeye atatusubiri pale pale.

Nikampakia. Kiti kilikuwa kifupi, kwa hiyo alinibana mgongoni na kunishika kiuno. Baridi ikaniingia kupitia shati, baridi ya mtungi wa maji. Lakini hiyo bado haikunitisha. Tulipita kwenye mashimo, tukavuka korongo kavu, na madigadi haikulia. Niamini. Springi zile nilizikata mimi mwenyewe. Nilikuwa na mtu mzima mgongoni, na pikipiki ilikwenda kama vile niko peke yangu.

Nikasimama, nikageuka kumuuliza yeye ni nani hasa. Akafungua mdomo anijibu, na mle mdomoni hamkuwa na ulimi. Nilijitupa chini. Sijui nilikimbia umbali gani. Nilichosikia nyuma yangu ni bomba langu likinguruma kuelekea machimboni, taratibu, bila haraka yoyote.

Pale tulipomwacha Shija hapakuwa na mtu. Watu walioniona nikihema walinipeleka kwa balozi, yule yule tuliyemkwepa. Nikamweleza mnunuzi alivyo, na lile sikio. Akataka kujua nimeletwa na nani. Nikamtaja Shija. Mzee akaweka kikombe chake chini.

"Huyo ni Doto, kaka yake," alisema. "Tulimzika mwaka juzi. Udongo niliurudishia kwa mikono hii."

Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba wengi pale wanaamini Doto hakufa. Alifanywa litunga, mtu anayechukuliwa kwa uchawi na kukatwa ulimi ili atumikishwe, na ndiyo maana duara la Shija halikauki.

Nilijichukia. Kila Msukuma anajua kwamba mapacha huitwa Kulwa na Doto, na Shija ni jina la anayezaliwa baada yao. Miaka minne Shija alinisimulia habari za kaka yake Kulwa, shamba la Kulwa, watoto wa Kulwa. Hata siku moja sikumuuliza Doto yuko wapi.

Mwezi haukuisha, Shija akaja Ngokolo juu ya pikipiki nyekundu kutoka Mwanza. Ile ile. Nilidhani ataona aibu. Akazima injini, akanitazama kama anayemweleza mtoto jambo rahisi.

"Tangu akiwa hai alitaka chombo kama chako," alisema. "Alikuwa amegoma kushuka shimoni. Ningempa nini kingine?"

Nikamuuliza, na mimi je? Akasema mimi nina mshahara.

Nimeibiwa mara nyingi maishani na nimesahau. Hili sijasahau, kwa sababu mtu aliyejua kila nati ya pikipiki yangu alinipeleka mwenyewe, kwa mkono wake, nikambebe maiti wake. Baridi ile haijanitoka mgongoni hadi leo, hata wakati wa kiangazi nalala na sweta. Pikipiki sikununua tena. Nina baiskeli, na keria nimeing'oa.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuuza chako upate kipya, nisikie. Mnunuzi akiletwa na rafiki, msimamishe mbele ya balozi kabla hajakugusa. Na rafiki huyo akiwa anaitwa Shija, usiishie kumuuliza kama Kulwa hajambo. Muulize na Doto.