Sahani ya Mama Mukwe

Watu wakiniuliza kama ninamujua yule mama wa televizyo, ninawajibu: ninamujua, njo miye nilimupatia maneno ya kusema. Wanacheka. Basi wacheke.

Wakati ule wa Zaire, wakati wa chama kimoja, arusi za Waislamu wa Kindu zilipita mikononi mwangu. Nilipika pilau, nilitandika mikeka na mito, nilimufunga bibi arusi kitenge chake. Zaidi ya yote nilimuketisha ndani siku saba nikamufundisha nyumba: namna ya kupokea wageni, ya kusema na wakwe, ya kunyamaza. Hata Wakristo wa Kasai waliofanya kazi ya reli waliniita. Wifi yangu, mudogo wa bwana yangu, alikuwa ameachika, akakaa kwetu, akanibebea kapu. Kusema kweli alikuwa muzuri, na mudomo wake ulikuwa mutamu. Kazi njo haikumupendeza.

Siku moja watu wa televizyo walishuka na ndege toka Kinshasa. Walitaka kuonyesha wamama wanaotunza nyumba kwa desturi za babu zetu, si za wazungu. Njo ulikuwa wimbo wa chama siku zile. Komiseri, mukubwa wa serikali pale kwetu, akawatuma kwangu. Nikapika tangu alfajiri. Walipoweka kamera mbele yangu, bwana yangu akasema: "Uso wa muke wangu hauonyeshwi kwa Zaire nzima."

Na miye mujinga nikaona hiyo ni heshima! Nikafurahi hata, kwamba ananionea wivu. Nikamusukuma wifi yangu: "Simama weye, nitakusemesha." Nikachuchumaa nyuma ya pazia nikimunong'oneza neno kwa neno, naye akiyasema huku anatabasamu. Uso wa dada yake, huo ulifaa Zaire nzima. Sikumuuliza bwana yangu kwa nini. Leo ningemuuliza, lakini amekufa, na hasira yangu haina pa kwenda.

Asiyekuwepo na lake halipo. Wale watu wakamupenda wifi yangu, wakamuita Kinshasa, wakamupa kipindi kila juma. Akafungua duka la vyombo na vitenge, kisha shule ya wanawali. Sisi tulimutazama tukisimama nje, kwa dirisha la komiseri, njo yeye peke yake alikuwa na televizyo. Situayeni, njo namna walimuita mule, kwa Kifaransa cha chama, anafundisha pilau yangu, tena anasahau karafuu. Astaghfirullah! Mwaka haukuisha, mama mumoja wa mutaa wa Kasuku akaniambia mbele ya watu nifunge kitenge cha binti yake "kama yule wa televizyo". Nilifunga. Nilifika nyumbani nikalia kwa hasira.

Kisha binti yangu akaposwa. Kwetu mama hafundishi binti yake mwenyewe, ni haya. Kazi hiyo ni ya shangazi. Miye niliyefundisha nusu ya mabibi arusi wa muji nikawekwa nje, na wifi yangu akashuka toka Kinshasa, amevaa dhahabu, anapigiwa vigelegele. Mutoto wangu alikuwa anaruka: "Mama, nitafundishwa na shangazi!"

"Una bahati," nikamuambia.

Siku ya saba nilikuwa jikoni napepeta muchele. Wifi yangu akaingia, akafunga mulango.

"Wifi, nisaidie. Chakula cha asubuhi ya kwanza, sahani ya kwanza inaenda kwa nani? Kwa bwana ao kwa mama yake? Nimesahau kabisa."

Sahani ya kwanza njo ya mama mukwe. Bibi arusi anaipeleka kwa mikono yake, bila viatu, kabla bwana hajaonja hata punje. Akikosa hapo, ni kama amemuambia yule mama: huyu mutoto si wako tena. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Nikatazama muchele wangu.

"Weye njo mufundishaji, wifi," nikasema. "Zaire nzima inakusikiliza."

Akaguna, akarudi ndani. Siwezi kudanganya, nilisikia utamu rohoni. Nilitaka aibike mara moja tu, mbele ya watu wa Kindu. Haki ya Mungu, mutoto wangu sikumufikiria hata kidogo.

Binti yangu akamupa bwana yake kwanza. Mama mukwe akafunika sahani yake, hakuigusa, na tangu asubuhi ile hakula tena kitu kilichopikwa na binti yangu. Kila neno likawa ugomvi. Nani alimulea huyu? Mama yake hakumufundisha kitu? Wifi yangu wakati huo alikuwa amesharudi Kinshasa, anatabasamu kwenye dirisha la komiseri.

Mvua za kwanza zilipoanza, mutoto akarudi kwangu na mimba ya miezi mitano, godoro lake juu ya kichwa. Akaliweka chini. Hakulia. Aliketi akaniangalia.

"Mama, ile ya sahani. Weye ulikuwa unaijua?"

Nikamuambia shangazi yake alisahau.

"Sikuulizi juu ya shangazi," akasema.