Viazi Kwenye Njia ya Kanisa

Siku Weldon alipozikwa, kwaya ya kanisa ilifika na majoho yake ikarudi nayo bila kuyavaa. Kimaiyo, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alisimama mbele ya waombolezaji akasema kwamba kanisa halimziki mtu aliyeliacha mwenyewe. Ni kweli Weldon alikuwa ameacha. Tangu mti ulipomvunja mguu kule msituni alikuwa mtu wa pombe, na Jumapili zake zilimkuta amelala. Lakini viti ambavyo wazee hao walikalia kila wiki alivichonga yeye, kabla ya mguu, na hakuna aliyelitaja hilo. Shemeji mmoja ndiye aliyesoma zaburi, akikwamakwama, udongo ukarudishwa.

Chepkurui, mjane wake, Jumapili iliyofuata alienda kanisani akasimama mahali pake kwenye kwaya, akaimba sauti ya pili kama kawaida. Watu wa Olenguruone walisema huyo mama ana moyo wa pekee. Binti yake Cheptoo, aliyekuwa akifanya kazi Nakuru, ndiye peke yake aliyemuuliza kwa simu anawezaje kuimba mbele ya yule mzee. Chepkurui alimjibu kwamba mtu akiondoka hawezi kuona watu wanafanya nini.

Miaka ikapita. Kanisa la mabati likawa dogo, washirika wakaanza kujenga la mawe juu ya kilima, nyuma ya shamba la Chepkurui. Barabara ya chini ilipita kwenye kinamasi, na lori la mawe lilikwama huko hata kabla msingi haujachimbwa. Kimaiyo alikuja na kina mama wawili kuomba lori lipite shambani. Chepkurui aliwapikia chai ya maziwa akakubali. Kina mama walitoka wakipangusa machozi, wakatangaza kotekote kwamba amesamehe.

Hakuwa amesamehe. Kila lori lililopita alimhesabia Kimaiyo kama deni. Alitazama kuta zikipanda, akatazama paa likipigiliwa, akangoja. Angefunga njia mapema wangetafuta kiwanja kingine. Sasa kanisa lilikuwa limekwisha kusimama, hakuna wa kulihamisha.

Vikabaki milango na vioo vya madirisha. Kwenye mkutano wa washirika watu walikuwa na furaha, kila mmoja na tumaini lake. Walizungumza juu ya shule ya chekechea, harusi ambazo hazitahitaji tena kukodi hema, vijana watakaorudi wakiona jengo zuri. Askofu alikuwa amekubali kuja kulifungua. Ndipo Kimaiyo akasema njia inayopita kwa Mama Cheptoo itawekwa changarawe, iwe barabara ya kanisa moja kwa moja. Hakumgeukia aliposema hivyo. Watu walipiga makofi, na Chepkurui akapiga pamoja nao.

Kesho yake asubuhi alimwita jirani yake Kipsang alete ng'ombe na plau. Kipsang alipoona ni wapi anaambiwa alime, alisita, akauliza kama mama ana uhakika. Akaambiwa alime mpaka kwenye ua. Jioni njia yote ilikuwa matuta, na ndani ya matuta kulikuwa na mbegu za viazi.

Kimaiyo alikuja amevaa koti lake la Jumapili.

"Mama Cheptoo, umetufanyia nini?"

"Nimepanda viazi, mzee."

"Na askofu atapita wapi?"

"Apite kule kinamasini, mlikopita nyinyi mkirudi nyumbani siku ya kumzika Weldon."

Mzee akaanza kueleza juu ya kanuni za kanisa. Chepkurui alimwacha amalize. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kaburi liko pale nyuma ya jikoni, halijawahi kuombewa na kanisa, na kama wana la kusema waje na majoho yao.

Walikuja Jumamosi, kwaya nzima. Kimaiyo alifungua Biblia akaanza kumwombea marehemu.

"Mtaje jina," Chepkurui akasema.

Akamtaja. Alipofunga maombi alisema kanisa lilikosea.

"Kanisa halikusema kitu siku hiyo. Wewe ndiye uliyesema."

Kwaya iliangalia chini. Kimaiyo alifunga Biblia, hatimaye akasema, "Nilikosea." Chepkurui alikuwa amelingoja neno hilo kwa muda mrefu hivi kwamba alidhani likitoka litamtua mzigo. Alisikiliza ndani yake, na hakusikia chochote kikitua. Mzee alipouliza juu ya njia, alimjibu kwamba viazi havijaota bado.

Siku ya kufungua kanisa mvua ilinyesha tangu alfajiri. Gari la askofu liliachwa sokoni, naye akapanda kilima kupitia kinamasini na viatu vya gambuti vya kuazima. Kimaiyo alimshikia mwavuli, akateleza, akaingia kanisa jipya na matope hadi magotini mbele ya wageni wote. Chepkurui alikuwa amefika mapema kwa mguu, akipita pembeni ya matuta yake. Alimwona akiingia hivyo, na sauti yake ya pili haikupotea hata kidogo.

Viazi vilivunwa, akapanda njegere. Cheptoo alipokuja likizo alimsihi aiachilie ile njia, akasema watu wengine hawakumkosea. Hilo Chepkurui alilikubali. Alifungua kilango kwenye ua, na tangu hapo wazee kwa vijana hupita kwake wakienda ibadani, humsalimu, wengine humwachia mboga. Hakumkataza mtu yeyote. Ila kila Jumapili yeye mwenyewe husimama kwenye kilango hicho, na Kimaiyo hajawahi kujaribu kukipita. Mzee huzunguka kule chini, viatu mkononi, suruali imekunjwa. Chepkurui humtazama mpaka amalize kinamasi na kuanza kupanda. Hapo ndipo hufunga kilango, akavaa joho lake, akaenda kuimba.