Nilihurumia Rangi ya Tela

Siku ile naikumbuka kwanza kwa harufu, mwanangu, harufu ya rangi ya kijani iliyokauka jana yake. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya Hitla, na mimi, kijana wa Kimeru, nilikuwa fundi wa umeme wa magari mjini Arusha. Nasema fundi, lakini shule niliishia darasa la tatu. Umeme nilifundishwa na Kalasinga mmoja mwenye gereji, mtu wa mikono minene ajabu, lakini ikishika waya utadhani inamfunga mtoto nepi. Nilikuwa nimepanga chumba Kijenge na nilikuwa nimenunua kofia. Kofia haihusiki na haya, ila niliipenda sana.

Basi akaja tajiri wa mbao na tela la jeshi, yale yaliyouzwa vita vilipokwisha. Breki zake zilikuwa za umeme. Ndani ya kila gurudumu kulikuwa na sumaku; ukiipelekea umeme inang'ang'ania gurudumu, na tela linapunguza mwendo. Umeme wenyewe ulitoka kwenye betri ya lori, ukapita kwenye kisanduku kidogo kilichofungwa chini ya usukani, chenye mkono wa chuma. Dereva akiuvuta kidogo, tela linashikwa kidogo. Akiuvuta sana, linashikwa sana. Kazi yangu ilikuwa kufunga kisanduku kile na kupeleka nyaya mpaka nyuma.

Kalasinga alikuwa na safari ya Moshi. Kabla ya kuondoka aliniambia jambo moja tu. "Ule waya wa ethi, unaorudisha umeme kwenye chuma cha tela. Kwangua rangi kwanza. Kwangua mpaka uone chuma cheupe." Nikasema ndiyo bwana.

Sasa aliyelipaka tela rangi alikuwa rafiki yangu Elifasi. Tuliimba naye kwaya, yeye sauti ya nne, mimi sauti yoyote iliyokuwa tupu. Alikuwa amelipaka siku mbili nzima, na asubuhi ile alikuwa amekaa juu ya debe akilitazama kama mtu anavyomtazama mzaliwa wake wa kwanza. Nilipotoa kisu akaniuliza, "Unataka kufanya nini na hicho?"

"Kukwangua kidogo hapa."

"Kakwangue kichwa chako."

Tukacheka. Nikarudisha kisu mfukoni. Nikafunga waya juu ya rangi ya Elifasi, nikakaza boliti kwa nguvu zangu zote, nikajiambia meno ya boliti yatapenya mpaka kwenye chuma. Halafu tukainua gurudumu kwa jeki, nikalizungusha kwa mkono, Elifasi akavuta ule mkono wa kisanduku. Likasimama papo hapo. Nikatangaza kwamba kazi imekwisha.

Pale gereji tulikuwa na desturi. Aliyefunga breki hupanda safari ya kwanza ya mzigo, anakaa kando ya dereva na vyombo vyake miguuni. Haikuandikwa popote, lakini sikuwahi kuona fundi akiikwepa. Kwa hiyo kesho yake nikapanda lori pamoja na Mzee Lomnyaki, Mwarusha, mtu mzima mwenye masikio yaliyotogwa, aliyewahi kuendesha magari ya jeshi mpaka nchi za Wahabeshi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akaitazama kofia yangu na kutabasamu peke yake.

Tukapanda kwenda Olmotonyi, kule msituni, kuchukua magogo. Tela lilikuwa tupu. Njiani Mzee Lomnyaki akawa anaujaribu ule mkono. Mara tela linashika, mara halishiki, mara linashika tena.

"Kijana, mbona inakatakata?"

Hapo, mwanangu. Hapo ndipo ninapotaka usimame kidogo na mimi. Lori lilikuwa linapanda mlima, halina mzigo, njia nyeupe, hakuna mtu. Nilikuwa na kisu mfukoni. Ningesema, tungesimama, kazi ya kukwangua isingezidi muda wa kunywa kikombe cha chai. Lakini niliwaza Mzee huyu ataenda kusema gerejini kwamba yule Mmeru hajui kazi. Nikamjibu, "Ni mpya, Mzee. Itazoea."

"Itazoea," akasema. "Breki siyo ndama wa kufundishwa jembe." Lakini aliniamini. Mimi ndiye niliyekuwa fundi.

Wakati wanapakia magogo nilikaa kando, chakula kikanishinda. Nilikuwa na viazi na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na mimi chakula hakijawahi kunishinda, hata siku ya msiba wa baba, Mungu anisamehe. Kila gogo lilipodondoka juu ya tela nililihesabu. Niliangalia ile boliti kwa mbali. Mara mbili niliinuka niende, mara mbili nikarudi kukaa, maana wapakiaji walikuwa wananiona. Angalia ujinga wa ujana: niliogopa macho ya watu nisiowajua kuliko kufa.

Tukaanza kushuka. Njia ile zamani ilikuwa nyembamba, upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande wa pili korongo lenye migomba chini kabisa. Mteremko wa kwanza tulishuka kwa gia ndogo. Mteremko wa pili nikasikia kitu mgongoni, kama mtu mkubwa anatusukuma kwa kiganja. Lilikuwa tela. Mzee Lomnyaki akavuta ule mkono. Hakuna kitu. Akaurudisha, akavuta tena. Hakuna kitu. Akakanyaga breki za lori, likapunguza kidogo, kisha tela likasukuma zaidi na nyuma ya lori ikaanza kwenda upande. Nikasikia harufu ya breki zinaungua.

Tukakata kona. Mbele yetu, kama hatua mia na hamsini hivi, punda wanapanda. Punda wanane au tisa wenye vibuyu vya maji, wametanda njia nzima, na nyuma yao wanawake wanne wa Kiarusha wanazungumza. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Hawakuwa na pa kwenda. Upande huu ukuta, upande ule korongo.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Mzee, nimefunga ethi juu ya rangi. Sikukwangua."

Hakunitukana. Hakunitazama hata. Akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Shika huo mkono. Vuta, achia, vuta, achia. Usiache." Yeye akashika usukani kwa mikono miwili na kuanza kusugua lori kwenye ukuta wa udongo. Honi ikalia. Nikawa navuta na kuachia, navuta na kuachia, mkono unateleza kwa jasho, na ninawaona wale wanawake wameanza kuwavuta punda masikio, na punda unawajua, ukiwavuta ndiyo kwanza wanasimama. Yule mwenye mtoto alimwachia punda wake akajibana ukutani, upande ule ule tuliokuwa tunakuja tukiusugua. Nilimwona uso. Mpaka leo ukinipa kalamu, mimi nisiyejua kuchora, naweza kuuchora.

Tela likaruka shimo. Nadhani mtikisiko ndio uliosogeza boliti, kwa sababu safari ile nilipovuta, breki zikashika zote kwa mara moja. Paji langu likapiga kioo. Magogo yakalia kwa minyororo yake. Lori likasimama, vumbi likatufunika, na vumbi lilipopungua, pua ya punda ilikuwa karibu na taa yetu kiasi kwamba ingeweza kuiramba. Yule mama alikuwa hatua tatu kutoka kwenye bamba la mbele.

Akajitikisa udongo, akamweka mtoto vizuri mgongoni. "Nyie wenye magari," akasema, "mnashuka kama mmemwibia faru." Wenzake wakacheka kicheko cha kutetemeka, wakapita mmoja mmoja. Hakujua. Mimi nilijua.

Mzee Lomnyaki akashuka, akaweka mawe kwenye magurudumu yote. Kisha akaja upande wangu.

"Imeshika," akasema. "Nani ameishikisha? Wewe?"

Nikasema hapana.

"Basi toa hicho kisu."

Niliingia chini ya tela. Boliti iliniponyoka mara tatu. Yeye alichuchumaa kando ya njia akinitazama, hakunisaidia wala kunihimiza. Nilikwangua rangi ya Elifasi mpaka chuma kikawa cheupe, nikafunga upya, nikatoka nikiwa na machozi na vumbi usoni. Akaniuliza, "Sasa iko tayari?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikasema, "Sijui, Mzee. Naomba tuijaribu hapa hapa, kabla hujatoa mawe ya mbele."

Mzee Lomnyaki akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Hilo ndilo jibu nililolitaka wakati tunapanda," akasema, akaingia ndani ya lori. Tukaijaribu mara kumi. Tukashuka mpaka mjini taratibu kama tunasindikiza harusi.

Mwanangu, sikukusimulia haya ili uogope kazi. Hofu ile bado ninayo. Hata sasa nikisikia lori linashuka mlima, mguu wangu unakanyaga sakafu ya nyumba. Ninachokuomba ni hiki. Ukiwa na shaka na kazi ya mikono yako, iseme ukiwa bado huna mzigo. Iseme wakati inakugharimu aibu tu. Usimpe mtu jibu la kumtuliza wakati amekuuliza apate kujua, maana yeye ataondoka na jibu lako na kuweka juu yake maisha ya watu ambao hamjawahi kuonana nao. Na rafiki akikuchekesha ukaacha kufanya ulichoagizwa, cheka naye, halafu kifanye.

Mungu wa baba zetu akupe mikono inayojua na ulimi usioona haya kusema sijui. Unakopita upishane na watu wakiwa wazima, na jioni kila mmoja wao afike kwake.