Walikuja kumpa mdogo wangu damu, kumbe tatizo ni dawa tuliyoificha

Wakuu, salamu kutoka Butembo. Ninayoandika yalitokea kwetu nyumbani, na chumvi sijaongeza.

Mdogo wangu Kasereka aliugua akili tulipokuwa Beni. Akaanzishiwa chlorpromazine, akatulia kabisa. Akahamia huku Butembo, mtaa wa Vulamba, akafungua biashara, na mchumba akapata.

Dawa hiyo tuliijua watatu tu: yeye, mama na mimi. Mama aliogopa wakwe wakisikia, ndoa imekwisha.

Basi akashikwa na homa kali, koo linauma, mdomo una vidonda. Na sisi tena, homa yoyote kwetu ni malaria! Tukamtibu malaria, akazidi kudhoofika.

Hospitali wakapima, wakakuta globules blancs, yaani chembe nyeupe za damu, zimekaribia kuisha. Daktari akauliza anatumia dawa gani.

Mama akajibu, "Hapana, docteur. Paracétamol tu."

Kanisani habari ikafika kwamba Kasereka kaishiwa damu. Asubuhi watu wakajaa uani mwa hospitali, mikono ya mashati imekunjwa, wamekuja kutoa! Mbele kabisa, baba mkwe mtarajiwa. Mwenzenu machozi yalinitoka.

Daktari akamwingiza yule mzee chumbani, akatueleza kwamba damu ya kuongezewa haitasaidia. Chembe nyeupe ndizo zinazopigana na vijidudu, na kuna dawa zinazoziangusha. Akauliza tena. Mama akaanza tena na paracétamol yake.

Kasereka akajikaza. "Mama, acha. Docteur, mimi nakunywaka chlorpromazine. Ni dawa ya akili."

Nikajua harusi hakuna tena.

Dawa ikasimamishwa palepale, akachomwa antibiotiki, wageni wakazuiwa. Niliogopa sana ule ugonjwa wa akili usirudi. Ila chembe zilipopanda, akapewa dawa nyingine ya akili, na damu yake inapimwa mara kwa mara. Namshukuru Mungu, nawashukuru wale madaktari. Mdogo wangu yupo, na akili zake zipo.

Mwenye kutumia dawa hizi, ukipata homa na koo, kimbia hospitali na uitaje dawa yako. Usiache kuitumia kimyakimya nyumbani. Waliopitia haya, karibuni mtueleze.

Na mtakaouliza kuhusu harusi: yule mzee akitoka chumbani alimgeukia mama.

"Mama, tulikuya kumupatia mutoto wetu damu. Wewe unatuficha kidonge juu ya nini?"