Salamu Aliyopewa Ibilisi

Video zilipoingia Kasulu miaka ya baadaye, watu waliringa nazo kana kwamba hakuna aliyewahi kuona sinema nyumbani. Nilikuwa nawaangalia tu. Sisi tuliona sinema sebuleni kwa jirani tangu miaka ya sabini, nikiwa msichana wa darasa la tano, na sinema yenyewe nusura imkoseshe bibi yangu ubatizo.

Jirani huyo alikuwa mwenye duka, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani. Ndugu yake wa Dar es Salaam alikuwa amemletea mashine ndogo ya kuonyeshea picha na mikanda michache. Jumapili alasiri aliwasha jenereta, akaziba madirisha kwa magunia, akatundika shuka jeupe ukutani, nasi majirani tukajazana mikekani bila kuulizwa dini.

Siku ile nilikwenda na bibi, mama yake baba. Alikuwa amehamia kwetu kutoka Muyama, na alikuwa akisomea ubatizo. Wenzake wote alioanza nao mafundisho walikwisha kubatizwa. Yeye sala za Kiswahili zilimpiga chenga mwaka hadi mwaka, maana ulimi wake ulikuwa wa Kiha kitupu. Mwaka ule alizishika zote. Pasaka ilikuwa imekaribia, na gauni jeupe lilikuwa tayari limekunjwa chini ya mto wake. Sijawahi kumwona mtu mzima akitaka kitu kwa hamu vile.

Sinema ilikuwa ya kutisha, ya mambo ya dini: Ibilisi anaiingilia nyumba ya mjane, na padri anahangaika kumtoa. Wazungu walisema Kizungu chao, mwenye duka akawa anatufafanulia kwa kifupi. Kasheshe ni kwamba Ibilisi wao hakuja na pembe. Alikuja mzee nadhifu, mvi tele, koti refu, mkongojo mkononi. Alisimama mlangoni akatutazama moja kwa moja.

Bibi alikuwa Muha aliyelelewa akaleleka. Mzee akiingia, humwachi hivi hivi. Akainama pale pale mkekani, akapiga makofi taratibu kama ilivyo desturi yetu, akamwamkia kwa Kiha, "Mwidiwe!"

Na yule mzee akainamisha kichwa.

Nilicheka hadi nikapaliwa. Bibi mwenyewe alikuwa anatabasamu, ameridhika na mzee mwenye adabu. Tabasamu lile lilidumu mpaka macho ya mzee yalipowaka na vyombo vya mjane vikaanza kuruka vyenyewe. "Huyo sasa ndiye Ibilisi," akasema mwenye duka. Bibi akaushika mkono wangu, akaufinya hadi nikapiga kelele.

Kesho yake hakwenda mafundisho. Mwalimu wa dini akamfuata nyumbani.

"Bibi, ile ni picha tu. Picha haisikii."

"Mbona aliitikia?"

 Mwalimu akasema salamu si dhambi. Bibi hakutaka kusikia. Kwao Muyama, mliosalimiana mnajuana, na unayejuana naye akibisha hodi huwezi kusema humfahamu. "Oya, hapana, Mwalimu. Nitaingiaje kwa Mungu, na huku nyuma tumejuana na huyo?" Machozi yakamtoka. Hapo kicheko changu kiliisha. Nilimhurumia sana, na nikamkasirikia yule Mzungu wa mkongojo kana kwamba anakaa mtaa wa pili.

Dawa aliitoa bibi mwenyewe, baada ya siku kadhaa za kununa jikoni. Mtu ukitaka kukatana naye, kujuana kuishe, unakutana naye tena mbele ya watu, unamnyima salamu. Basi. Akajitanda kanga, akanivuta, tukaenda dukani.

"Mwanangu," akamwambia mwenye duka, "nionyeshe tena yule mzee wako." Akamweleza sababu.

Nilidhani mwenye duka atacheka, lakini hakucheka. Mafuta ya jenereta siku hizo yalitafutwa kwa tochi, na mkewe alikuwa ameapa kwamba mkanda ule hautaonyeshwa tena nyumbani mwake.

"Bibi," akasema, "sisi nasi tunamkimbia huyo kila siku. Ila kumnunia, hilo sikuwahi kulifikiria. Njoo Jumamosi. Mke wangu nitamwambia ni jambo la kheri."

Habari zilienea kama moto wa kiangazi. Jumamosi watu walifurika mpaka uani, wengine wakiridhika kusikia sauti tu. Mwalimu wa dini naye alikuja, akajifanya amefuata chumvi. Bibi aliketi mbele kabisa. Aliijua mikono yake: ikiona mvi, itajipigia makofi yenyewe. Kwa hiyo aliikalia yote miwili.

Mlango kwenye shuka ukafunguka. Mzee akasimama, akatutazama. Nyuma yangu kofi moja la mazoea likalia, na aliyelipiga akakatwa jicho na ukumbi mzima. Mzee akainamisha kichwa. Bibi alimkodolea macho, midomo ameibana, shingo inamtetemeka, na hakusema kitu mpaka mzee akaondoka pale mlangoni.

Ndipo akashusha pumzi. "Inauma," akaninong'oneza. "Mzee na mvi zake zote. Lakini ndiyo hivyo."

Pasaka ikafika, naye akasimama mstarini pamoja na wenzake wa mwaka ule. Padri aliwauliza mmoja mmoja, "Je, wamkataa Shetani?" Nao wakajibu walivyofundishwa: "Namkataa." Zamu ya bibi ilipofika, alimtazama padri kwa mshangao, kama mtu anayeulizwa habari ambayo mji mzima unaijua.

"Padri, huyo tulikwisha kukatana," akasema. "Aliinamisha kichwa, nikamnyamazia. Watu waliona."

Padri akafunua ukurasa wa kitabu chake, akafunua na mwingine. Jibu la namna hiyo halikuwamo. 

"Ni kweli!" sauti ikatoka mlangoni. Mwenye duka alikuwa amesimama pale, amevaa kanzu, viatu ameshika mkononi. "Mimi shahidi. Ilikuwa kwangu."

Padri akafunga kitabu, akammwagia bibi maji kichwani.