Barua Kumi na Moja Alizofuta Baba

Baba yangu hanunui kitu asichoweza kukizunguka kwa miguu. Kwa hiyo siku nilipomwambia nataka kununua jina la tovuti kwa ajili ya biashara yangu ya vifaranga, aliniuliza swali ambalo kila mtu wa Kitengela huuliza kwanza.

"Mawe ya mpaka iko wapi?"

Nikamweleza kwamba halina mawe. Ni jina tu. Mteja analiandika kwenye simu, anaona vifaranga wangu, ananitumia barua.

"Na jirani ni nani?"

"Hakuna jirani, Baba."

"Hapo sasa ndio mimi naogopa."

Sikumlaumu. Zamani alinunua ploti nje ya mji, akaenda Jumamosi na nguzo za ua, akakuta wanaume wengine watatu wamekuja na nguzo zao, kila mmoja na karatasi zake zenye muhuri. Aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka. Tangu siku hiyo kuta zetu zote zimeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ploti hii haiuzwi, hata ukuta wa choo.

Mimi nilikuwa nimerudi kwake na watoto wawili baada ya ndoa kunishinda, nikiwa na mashine ya kuangulia mayai na hasira nyingi. Kaka zangu walikuwa wameshakatiwa vipande vyao vya ardhi. Mimi niliambiwa nitumie banda la nyuma, na hilo neno "tumia" lilitamkwa polepole ili nilisikie vizuri. Kwa hiyo sikubishana aliposema kwamba kitu kinachonunuliwa ndani ya boma lake huandikwa kwa jina la mwenye boma. Fomu ikajazwa jina lake, kitambulisho chake na barua pepe yake, ile aliyofunguliwa kwenye saiba, duka la intaneti, kwa mambo ya ushuru. Nilipomwonyesha ukurasa unaotaja mwenye jina ni nani, alivaa miwani akajisoma mara mbili.

"Kumbe hata huku kuna search, kama ya ofisi ya ardhi," akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Mwaka ule biashara ilinyooka. Kulikuwa na mama wa Loitokitok aliyeagiza kila mwezi. Kulikuwa na mteja wa Magadi aliyeuliza kama vifaranga wangu wangestahimili joto la kwao, nikamjibu kwamba joto hilo ndilo walilozaliwa nalo. Oda zote ziliingia kwenye barua pepe ya jina lile. Namba za simu za watu sikuziandika popote, maana nilijiona mtu wa kisasa.

Mwaka ulipokaribia kwisha, asubuhi moja baba aliniamuru niandike kwenye ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa nyekundu: JINA HILI HALIUZWI. Sikujua kilichomuuma. Lakini ukikaa kwa mtu humchagulii maneno ya ukutani, basi nikaandika.

Sasa, hapa kwetu kila mtu anajua maandishi hayo yanamaanisha nini: kuna kesi, au kuna ndugu wanaogombana. Mama wa Loitokitok alinipigia siku hiyo hiyo.

"Pole sana, dada. Mko na kesi? Mzee aliaga?"

Mzee alikuwa mbele yangu akinywa uji. Nikamhakikishia kwamba hajafa wala haelekei kufa.

"Hata kama," akasema. "Mimi sitaki kuku ya kesi."

Wiki iliyofuata tovuti yenyewe ikapotea, na barua pepe ikapotea nayo. Mayai yalikuwa siku ya kumi na nane ndani ya mashine. Baada ya siku tatu vifaranga mia nne wangetoka, uwe na intaneti usiwe nayo, na mimi sikujua tena nani aliagiza wangapi wala anakaa wapi. Kifaranga haambiwi asubiri. Nikikosa kuwauza hao, sikuwa na cha kununulia mayai mengine, na banda lingerudi kuwa stoo ya nguzo za baba.

"Baba, hukupata barua za kulipia lile jina?"

"Nilipata. Kumi na moja." Alisema kwa fahari. "Zote nikafuta."

"Kwa nini?"

"Mtu anakuambia lipa haraka ama upoteze mali yako, bonyeza hapa. Huyo kama si mkora ni nani? Ndio maana nikakuambia uandike haliuzwi!"

Nilitoka nje nikamfokea jogoo asiye na hatia.

Waliotuuzia jina nikawapigia simu. Wakasema zimebaki siku chache. Mwenye jina aingie mwenyewe, alipe, la sivyo mtu yeyote anaweza kulichukua. Baba hakuwaamini. Mambo ya umiliki, alisema, humalizwa Kajiado, mbele ya mtu mwenye meza. Kesho yake akavaa koti la kanisani, tukaenda Kajiado kupanga foleni kwenye ofisi ya ardhi.

Karani, mama wa Kimaasai, alimsalimu, "Sopa." Baba akaitikia, "Epa," kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidiwa upesi.

"Shamba iko wapi, mzee?"

"Iko kwa internet."

Kalamu ikasimama. Nyuma yetu foleni nzima ikasogea isipitwe na neno. Nikaeleza kisa chote huku nikitazama viatu vyangu, na yule mama, Mungu ambariki, akasikiliza bila kucheka. Halafu akamgeukia baba.

"Mzee, hii si freehold, ya kumiliki milele. Hii ni lease, ya mwaka moja moja. Usipolipa ikiisha, inarudi."

Baba akanigeukia kwa mshangao wa kweli.

"Mwaka mzima umenyamaza! Kwa nini hukuniambia ni lease?"

Watu wa foleni wakanitazama vibaya mimi.

Tukavuka barabara hadi saiba. Akabonyeza mwenyewe, akalipa kwa simu yake. Mhudumu akasema tungoje kidogo kila kitu kirudi. Tukakaa kwenye benchi, baba akitazama jina lake kwenye skrini.

"Hii lease inaweza hamishwa?" akamuuliza mhudumu.

"Inaweza, mzee."

Akageukia tena skrini. Aliposema, hakunitazama.

"Mimi niligawia vijana mashamba nikijua wewe utapata kwa bwana. Ukarudi, na sikuwa nimekuwekea kitu."

"Baba, ni jina tu."

"Najua ni jina. Sogea uandike yako."

Vidole vyangu vilikosea mara tatu. Alingoja, halafu akaagiza ukurasa ule uchapishwe. Hati zote za nyumbani huwa anazifungia sandukuni mwake. Hata kaka zangu hawajawahi kuzishika zao. Karatasi ilipotoka aliisoma yote, akaikunja, akanipa.

"Weka kwako," akasema.

Niliipokea kwa mikono miwili nikalia pale pale, huku barua za wateja zikiingia kwenye simu yangu moja baada ya nyingine na hakuna aliyezijibu.