Tairi za Lami Kwenye Mbuga ya Nkoma

Safari ilianza Jumamosi, saa nane na robo mchana, mvua ilipokatika na mjomba akasema twende. Alikuwa anakwenda Nkoma kwa wazazi wa mchumba wake kupokea jibu la posa, na jambo kama hilo mtu haliendei peke yake. Aliyepaswa kumsindikiza alikuwa na homa. Nikapakiwa mimi, mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye hata jina darasani naitikia kwa kunong'ona.

Pikipiki ilikuwa na tairi mpya. Tangu biashara ya watu binafsi iruhusiwe, maduka ya Mwanza yalijaa vitu vingine tusivyojua ni vya kazi gani, na mjomba, karani wa mnunuzi binafsi wa pamba, alirudi na tairi za safari ndefu za lami. Lami sisi hatuna. Hazikuwa na kashata nene, yale meno ya kushika udongo, kama zile za zamani; zilikuwa laini, zenye mifereji myembamba ya kutolea maji. Alizijaribu kwenye sakafu ya ghala la pamba: akamwaga ndoo mbili za maji, akapita juu yake kwa kasi, akafunga breki mbele ya wapakiaji. Hazikuteleza hata kidogo. Akaamua kwamba maji ni maji.

Na kweli, kutoka kwetu Somanda, kwenye changarawe iliyolowa, tulikwenda vizuri. Kwenye kona aliilaza pikipiki, nami nikalala nayo nimefumba macho. Kisha tukaingia mbuga, ule udongo wetu mweusi unaonata ukilowa. Mifereji ikajaa papo hapo, tairi zikawa nyororo kama sabuni. Mjomba akakata usukani kushoto. Gurudumu likageuka kushoto. Pikipiki ikaendelea mbele. Ikatuteremsha taratibu, kwa heshima kabisa, hadi kwenye jaruba la mpunga la wakwe zake, ikabomoa tuta, maji yote yakahamia kwa jirani.

Mzee mwenye nyumba alikuwa amesimama palepale na jembe. Mjomba akamwamkia akiwa magotini kwenye tope, adabu kubwa kuliko aliyokusudia. Alipoulizwa imekuwaje, akasema mimi nilijigeuza kule nyuma, nikamyumbisha.

Mzee akanitazama toka miguuni hadi kichwani; hakuchukua muda.

"Kama katoto haka kamekuangusha kwa kugeuka tu, binti yangu mwenye mwili wake utambebaje?"

Jikoni wanawake wakacheka, na mchumba alikuwa humo. Mzee akasema jibu atalifikiria mpaka asubuhi. Tukalala pale. Usiku nilimsihi mjomba aseme ukweli, akajibu kwamba ukweli utamfanya aonekane mjinga. Na mwongo je? Hilo nililisema moyoni.

Asubuhi nilichukua kijiti nikamfuata mzee, aliyekuwa anaziba tuta, nikamwomba aje kwenye pikipiki. Nikachokonoa mfereji mmoja wa tairi, tope likatoka refu kama tambi.

"Babu, mimi sikugeuka. Hizi ni tairi za lami."

Mzee akamwita mjomba. Mjomba akalitazama lile tope, akakiri.

"Tairi hubadilishwa," mzee akasema. "Binti yangu akija kwako, kila ukianguka utamsingizia yeye?"

"Hapana, baba."

Mzee akamkabidhi jembe, akamwambia, "Shika, mkwe wangu," akaenda kunywa uji. Mimi nikavua viatu, nikaingia jarubani kumsaidia mjomba kushindilia tuta.